Unakoroma na pumzi inakatika usiku? Jinsi daktari wa meno anavyoweza kukusaidia, hatua kwa hatua

Maswali haya yanakuja kila wiki, tena kwa maneno yaleyale. Mume wangu anakoroma mpaka watoto wamehama chumba, kuna dawa? Nimeona plastiki ya kung'ata inauzwa mtandaoni, ninunue? Na hili ndo linaulizwa kuliko yote: daktari wa meno anahusikaje na kukoroma? Basi naandika yote sehemu moja, kuanzia pale unapoanza kuwa na wasiwasi mpaka kifaa kinakaa mdomoni na kufanya kazi, ukikwama mahali unarudi kusoma hatua yako.

Nadharia kidogo tu. Ukilala, misuli ya ulimi na koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inakuwa nyembamba, na hewa ikilazimisha kupita inatikisa kaakaa laini na kimeo, huo mtikisiko ndo mkoromo wenyewe. Njia ikiziba kabisa au karibu yote kwa sekunde 10 au zaidi, hapo tunaongelea apnea, yaani pumzi kukatika usingizini. Oksijeni inashuka, ubongo unakushtua kidogo, unavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyeibuka kutoka kwenye maji, unaendelea kulala, na asubuhi hukumbuki chochote. Kuna watu inawatokea mara 40 kwa saa moja, na ni hivyo usiku mzima.

Sasa ulimi umeshikana na taya la chini. Ukilisogeza hilo taya mbele milimita kadhaa na kulishikilia hapo, ulimi unakuja nalo na njia inafunguka. Hiyo ndo kazi ya daktari wa meno, anaifanya kwa kifaa cha kuvaa usiku, sehemu moja inakamata meno ya juu na nyingine meno ya chini.

Kabla ya hatua yoyote shika hili, kwa sababu ndo linaloumiza watu: kelele ni kitu kimoja na pumzi ni kitu kingine. Kifaa kinaweza kumaliza kelele kabisa, nyumba nzima ikafurahi, huku pumzi inaendelea kukatika kimyakimya. Ndo maana utaniona nasisitiza kipimo kabla ya kifaa na kipimo baada ya kifaa.

Andaa hivi vitu kwanza

- Simu ya kurekodi sauti au video usiku, na mtu unayelala naye karibu akubali kukuangalia
- Futi ya fundi cherehani ya kupima shingo
- Presha yako, iliyopimwa siku mbili tatu tofauti
- Majina ya dawa zote unazotumia, hasa za usingizi, za wasiwasi na za maumivu makali
- Eksirei za meno kama ulishapiga, na meno bandia kama unayo, yabebe, usiyaache nyumbani kwa aibu
- Jibu kutoka bima yako: wanalipia kipimo cha usingizi? wanalipia kifaa cha mdomoni? Uliza vyote viwili kabla hujaanza kutumia hela, maana wengi wanakuja kugundua katikati ya safari kwamba kimoja hakimo

Hatua ya 1: Jirekodi na ujibu maswali manane

Weka simu pembeni ya kitanda. Ukiweza rekodi hasa kuanzia saa tisa usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, kwa wengi hapo ndo pumzi inakatika zaidi kwa sababu usingizi wa ndoto unakuwa mwingi na misuli imelegea sana. Unachotafuta kwenye rekodi ni mkoromo, halafu kimya cha ghafla, halafu mtu anashtuka kama amekabwa. Hicho kimya cha katikati kina uzito kuliko sauti yenyewe.

Kisha jibu ndiyo au hapana. Orodha hii inaitwa STOP-BANG, ilitoka Toronto, Kanada, ikachapishwa 2008, na hospitali nyingi duniani zinaitumia:

1. Unakoroma kwa sauti kubwa, hata mlango ukifungwa unasikika?
2. Mchana unachoka au unasinzia mara kwa mara?
3. Kuna mtu amewahi kukuona pumzi inasimama ukiwa umelala?
4. Una presha, au unatumia dawa za presha?
5. Uzito: BMI yako inazidi 35? (kilo gawanya kwa urefu wako wa mita, jibu ugawanye tena kwa urefu huohuo, mfano mtu wa sm 165 anafika hapo akiwa na kilo 95 au 96)
6. Una zaidi ya miaka 50?
7. Shingo yako inazidi sm 40?
8. Ni mwanaume?

Ndiyo 0 mpaka 2, uwezekano ni mdogo. Tatu au nne, wa kati. Tano kwenda juu, uwezekano ni mkubwa, usikae.

Kosa la kawaida hapa ni akina mama kujitoa kwenye hesabu kwa sababu wanaamini kukoroma ni kwa wanaume wanene. Dada yangu, mama yangu, usijitoe. Wanawake wengi wenye apnea hawalalamiki mkoromo, wanalalamika usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kuuma asubuhi, uchovu usioisha, na baada ya hedhi kukoma hatari inapanda. Na wembamba sio kinga, mtu mwembamba mwenye taya dogo lililorudi nyuma anaweza kuwa nayo kali tu.

Hatua ya 2: Mwambie daktari wa meno akuangalie

Watu wengi wanaenda kwa daktari wa meno jino likiuma tu, jino linatolewa au linazibwa, wanaondoka. Lakini yule anaangalia kinywa chako kwa mwanga mkali kuliko daktari yeyote, kwahiyo ukikaa kwenye kiti chake sema wazi: "Daktari, naambiwa nakoroma na pumzi inakatika, naomba uniangalie koo na taya." Ataangalia pembeni mwa ulimi kama kuna alama za meno, kaakaa kama ni jembamba na limepanda juu, kama kimeo kinaonekana ukifungua mdomo au kimefichwa na ulimi, tonsili, taya la chini kama limerudi nyuma, na meno kama yamesagika maana kusaga meno usiku na apnea mara nyingi vinatembea pamoja.

Akiona dalili, kazi yake ni kukuandikia rufaa. Daktari wa meno anashuku, hathibitishi. Anayethibitisha ni daktari wa tiba, kwa kipimo. Ukikutana na kliniki inayokuangalia mdomoni dakika tano na kukuuzia kifaa siku hiyohiyo, ondoka.

Na kwenye hatua hii hii: usikate kimeo kwa mganga. Najua mtaani bado wapo wanaoamini kimeo kirefu ndo chanzo cha kila kitu. Watu wamevuja damu na kupata maambukizi makali kwa hiyo tiba, wengine wamepoteza maisha, na mlango wa hewa uliozibwa na ulimi haufunguki kwa kukata kimeo.

Hatua ya 3: Fanya kipimo cha usingizi

Kuna cha kulala hospitali na waya mwilini, na kuna cha kwenda nacho nyumbani, kimashine kidogo kinachopima hewa puani, mwendo wa kifua, oksijeni na mapigo ya moyo. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mzito wa moyo au mapafu na mwenye dalili za wazi, cha nyumbani mara nyingi kinatosha. Anza kuulizia kwenye hospitali kubwa za rufaa, idara ya masikio, pua na koo au ya mapafu. Vipimo hivi bado vinapatikana zaidi kwenye miji mikubwa kama Dar na Nairobi, kwahiyo kama unatoka mkoani panga safari moja uunganishe mambo yote, na upige simu kwanza usije ukafika mashine haipo.

Kale kadude ka kubana kidoleni kupima oksijeni ambako wengi tulinunua wakati wa korona hakatoshi. Ukijipima mchana umekaa ukaona 98 hiyo haikuambii chochote kuhusu saa kumi usiku.

Hatua ya 4: Ielewe namba yako

Majibu yatakuwa na namba inaitwa AHI, ni wastani wa mara ngapi kwa saa pumzi ilikatika au ilipungua sana. Chini ya 5 kwa mtu mzima ni kawaida. 5 mpaka 15 ndogo, 15 mpaka 30 ya kati, 30 kwenda juu ni kali.

Namba ndo inaamua njia. Kama ni mkoromo mtupu bila apnea, au apnea ndogo na ya kati, kifaa cha daktari wa meno ni chaguo zuri kabisa. Kama ni kali, cha kwanza ni mashine ya CPAP, ile yenye barakoa inayopuliza hewa (Colin Sullivan alianza nayo Sydney, Australia, akachapisha 1981), na kifaa kinakuja pale mtu ameshindwa kabisa kuivaa au haipati. Mashine inashusha AHI zaidi kuliko kifaa, huo ndo ukweli, ila kifaa watu wanakivaa masaa mengi zaidi, hakihitaji umeme, na kwetu ambako umeme unakatika usiku hilo sio jambo dogo. Mwongozo wa pamoja wa 2015 wa Marekani, wa wataalamu wa tiba ya usingizi na madaktari wa meno wa fani hiyo, unasema hivyohivyo: mtu mzima asiyeweza au asiyetaka CPAP, bora kifaa kuliko kukaa bila tiba.

Kuna apnea nyingine inayotokana na ubongo kutotuma amri ya kupumua. Hiyo kifaa hakiisaidii, na bila kipimo huwezi kuitofautisha.

Hatua ya 5: Mchague daktari na umuulize maswali

Sio kila daktari wa meno anafanya kazi hii, na sio dharau kumuuliza. Kama hujui pa kuanzia, ulizia kwenye shule za udaktari wa meno kama MUHAS pale Muhimbili au Chuo Kikuu cha Nairobi, hata kama hawatengenezi wao watajua nani anatengeneza. Hakikisha amesajiliwa, Tanzania ni Baraza la Madaktari Tanganyika na Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno. Maswali ya kumuuliza:

- Umeshatengeneza vifaa vya apnea, au vya kuzuia kusaga meno tu? Hivi ni vitu tofauti, na kile cha kusaga meno kwa baadhi ya watu kinaongeza kukatika kwa pumzi.
- Kifaa kitatengenezwa kwa vipimo vya meno yangu, na kinaweza kurekebishwa mbele na nyuma?
- Bei inajumuisha marudio na marekebisho, au kila nikirudi nalipa upya?
- Baada ya kurekebisha, utanirudisha kwa daktari nikapime tena?

Akisita kwenye hilo la mwisho, tafuta mwingine.

Kuhusu zile za mtandaoni za kuchemsha kwenye maji ya moto na kung'ata: zinalegea, haziwezi kusogezwa kwa mpangilio, na nyingi zinatoka mdomoni usiku. Mbaya zaidi zinapunguza kelele kiasi cha kukufanya usiende kupima. Hela hiyo weka akiba ya kipimo.

Hatua ya 6: Tengeneza kinywa kwanza

Kifaa kinavuta meno usiku mzima, kwahiyo kinahitaji meno imara, kwa kawaida angalau manane hivi juu na manane chini, na fizi zenye afya. Safisha meno, ziba yaliyotoboka, tibu fizi zinazotoka damu, maliza mambo ya kofia za meno kabla ya vipimo. Ukichukua vipimo leo halafu kesho kutwa jino likawekewa kofia mpya, kifaa hakitaingia na utakuwa umetupa hela.

Asiye na meno kabisa hajaachwa, kuna kifaa kingine kinachoshika ulimi wenyewe kwa mvuto wa hewa, ingawa wengi wanakiona kigumu kukizoea. Mwenye maumivu makali ya maungio ya taya, yaani pale mbele ya sikio, au anayevaa waya wa kupanga meno, asubiri mpaka daktari aseme.

Hatua ya 7: Vipimo vya kifaa

Hapa hamna maumivu. Daktari anachukua umbo la meno yako kwa trei yenye rojo laini linaloganda mdomoni au kwa skana. Kisha anakwambia utoe taya mbele mpaka mwisho na urudishe mpaka mwisho, anapima umbali huo. Mara nyingi anaanzia nusu ya uwezo wako au zaidi kidogo. Usijikaze kuonyesha unaweza kutoa taya mbali sana, mwonyeshe uwezo wako wa kawaida, kwa sababu hapo ndo taya lako litalala usiku kucha. Vipimo vinaenda maabara, unasubiri.

Hatua ya 8: Anza taratibu

Siku ya kuchukua, kivae na ukivue mbele ya daktari mpaka uweze mwenyewe bila kioo. Nyumbani kivae kwanza jioni nusu saa ukiangalia taarifa ya habari, mate yajae, uyazoee, ndo uende kulala nacho. Usiku wa mwanzo ukikivua usingizini bila kujua usikate tamaa, kesho rudia.

Kusogeza taya mbele kunafanywa kwa skrubu ya kifaa, kidogokidogo, robo milimita au nusu, halafu unasubiri siku kadhaa kadri ulivyopangiwa. Makosa ninayoyaona zaidi yapo hapa. Mtu anaona kelele imepungua kidogo, anazungusha skrubu mara nyingi kwa mkupuo ili kelele ipotee yote usiku huo, asubuhi hawezi kutafuna chapati, kifaa kinaingia kabatini na hakitoki tena. Nakuomba sana usifanye hivyo. Taya ni kiungo chenye misuli na maungio, kinahitaji muda. Andika kwenye daftari kila ulivyosogeza na ulivyoamka.

Hatua ya 9: Asubuhi, kila asubuhi

Vua, kioshe kwa maji ya baridi au vuguvugu na sabuni ya maji, tumia mswaki laini wa peke yake. Usitumie dawa ya meno, inakwaruza. Usitumie maji ya moto wala usikiache kwenye gari juani, kitajikunja. Kikaushe, kiweke kwenye kibox chake, mbali na watoto na mbwa.

Halafu rudisha taya. Meno yatakuwa hayakutani vizuri kwa dakika chache mpaka saa moja hivi, ni kawaida. Ng'ata taratibu kile kibanzi cha kurudishia taya ulichopewa na daktari, au tafuna jojo isiyo na sukari, mpaka meno ya nyuma yakutane kama jana. Usiruke hii. Miaka ikienda, meno ya mbele ya juu yanaweza kulalia ndani kidogo na ya chini kutokea nje, zoezi hili pamoja na kliniki ndo yanasaidia kulifuatilia mapema.

Hatua ya 10: Pima tena

Kelele imeisha, mchana husinzii, mwenza ana furaha. Hapa ndo wengi wanaishia, na hapa ndo nakusihi usiishie. Rudi kwa daktari ufanye kipimo cha usingizi ukiwa umevaa kifaa. AHI ikishuka inavyotakiwa, vizuri, endelea. Isiposhuka, kinarekebishwa tena au unapelekwa kwenye CPAP, na wengine wanatumia vyote viwili kwa pamoja. Baada ya hapo kliniki kila miezi 6 mwaka wa kwanza, kisha angalau mara moja kwa mwaka, na uzito ukipanda sana pima mapema. Kifaa chenyewe kikitunzwa kinaishi miaka kadhaa, sio milele.

Sambamba na yote haya: lala ubavu, punguza uzito kama upo juu, acha pombe masaa ya kukaribia kulala maana inalegeza koo zaidi, acha sigara, tibu mafua ya aleji yanayoziba pua. Dawa za usingizi usijinunulie duka la dawa.

Mambo yakienda kombo

*Mate mengi au mdomo mkavu.* Mate yanapungua baada ya wiki chache. Ukavu unatokana na kupumua kwa mdomo, angalia pua kama imeziba.

*Meno yanauma asubuhi.* Yakiacha ndani ya saa moja, endelea. Jino moja likiuma siku nzima, kifaa kinabana mahali, rudi kikwanguliwe, usikikwangue mwenyewe kwa kisu au tupa.

*Taya linauma au linagoma kufunguka.* Rudisha nyuma hatua mbili za mwisho, pumzika usiku mmoja au miwili, kisha mpigie daktari. Likigoma kabisa nenda siku hiyohiyo.

*Kinatoka usiku.* Ama kimelegea, ama meno hayatoshi kukishika. Kirudishe kwa daktari.

*Kelele imeisha lakini bado nasinzia mchana.* Hii usiipuuze hata kidogo. Kapime tena. Kama ni dereva wa basi, lori au bodaboda, usiendeshe ukiwa na usingizi, mwambie daktari kazi yako ni nini ili akutangulize.

*Mtoto wangu anakoroma, nimtengenezee kidogo?* Hapana. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, mara nyingi ni tonsili na nyama za nyuma ya pua zimevimba. Daktari wa meno anaweza kusaidia kama kaakaa ni jembamba, kwa kulitanua, lakini huo ni mpango wa madaktari wawili kwa pamoja.

*Nimejaribu kifaa na CPAP, vyote vimenishinda.* Kuna upasuaji wa kusogeza mataya yote mawili mbele, unafanywa na mabingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Ni operesheni kubwa, ila kwa mtu sahihi inafanya kazi vizuri. Omba rufaa uongee nao.

*Nimepangiwa operesheni nyingine kabisa.* Iwe ngiri, uzazi au hata kung'oa magego ya mwisho kwa nusu kaputi, mwambie daktari wa nusu kaputi mapema kwamba una apnea, mwonyeshe majibu yako, na ubebe kifaa chako au mashine yako kwenye begi la kulazwa, maana dawa za usingizi na za maumivu zinalegeza koo na utakihitaji usiku wa kwanza baada ya operesheni, mara watakaporuhusu ukivae.